Mazabodi ndogo ya kompyuta ya sebuleni: itazame mgongoni kwanza

Swali hili nimelijibu kwa sauti za WhatsApp mpaka nimechoka, sasa naliandika mara moja. "Kaka, nataka kompyuta ndogo ikae chini ya TV, icheze muvi, mpira na muziki. Ninunue mazabodi gani?" Wengine hata hawaulizi mapema. Wananipigia wakiwa bado Kariakoo, mfuko mkononi, wanataka niwaambie kwamba walichonunua ndicho. Mara nyingi sicho.

Kinachowaponza ni kwamba wakifika kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM na matundu yote, wanauliza GHz ngapi, RAM ngapi, halafu wanalipa. Kwa kompyuta ya ofisini sawa. Ila hii ni ya picha na sauti, na TV yako haina habari na GHz. Inachojua ni kile kinachotoka kwenye waya. Kwa hiyo bodi ya namna hii itazamwe kwanza mgongoni, kwenye matundu, mengine yafuate.

Ninayoizungumzia hapa ni Mini-ITX, mraba wa sentimita 17 kwa 17. Kampuni ya VIA ya Taiwan iliitoa mwaka 2001 na kipimo hakijabadilika tangu hapo, ndiyo maana kasha la zamani bado linapokea bodi mpya. Kama sebule ina nafasi, Micro-ATX (sentimita 24.4 kwa 24.4 kwa zile kubwa) inapatikana kirahisi zaidi na ina sloti nyingi. Sina ugomvi nayo. Hatua ni zile zile.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Modeli ya TV yako, imeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Ipige picha.
- Bisibisi ya nyota ya kawaida, na ndogo kwa ajili ya skrubu ya diski ya M.2 (ile bapa inayolala juu ya bodi).
- Pesti ya prosesa. Bomba dogo linatosha.
- Simu yenye tochi na kamera inayoona karibu.
- Fleshi ya GB 8 au zaidi.
- UPS, au angalau stabilaiza.
- Meza ya mbao. Usifanyie kazi hii juu ya zulia wala kitanda.
- Kikombe cha kuwekea skrubu. Utanishukuru.

Hatua kwa hatua

1. Soma TV kabla ya kusoma bodi.
Tafuta mambo mawili tu: ni 4K au ni ya kawaida (1080p), na ni tundu lipi la HDMI linalopokea 4K kwa picha 60 kwa sekunde. TV nyingi hazina uwezo huo kwenye matundu yote, au zina mpangilio wa HDMI unaotakiwa kuwashwa kwanza. Kama TV yako ni ya 1080p na huna mpango wa kuibadilisha, furahi: karibu bodi yoyote ya miaka kumi iliyopita itakufaa, na nusu ya mwongozo huu unaweza kuiruka.

2. Chagua prosesa kwa video inazoweza kufungua yenyewe.
Video zote zimebanwa, na kila mtindo wa kubana una jina: H.264, HEVC, VP9, AV1. Prosesa yenye sehemu maalumu ya kufungua mtindo huo inacheza muvi huku imelala. Isiyo nayo inatumia nguvu zote, feni inalia kama mashine ya kukoboa, na picha bado inakwama.

Kwa Intel, kizazi cha 6 kinafungua H.264 na HEVC ya kawaida, lakini ile HEVC ya biti 10 inayotumika kwenye muvi nyingi za 4K inakishinda. Kizazi cha 7 kinaiweza hiyo pamoja na VP9. AV1 ilianza na kizazi cha 11. YouTube ikipita 1080p inaleta VP9 au AV1, kwa hiyo mwenye kizazi cha 7 hajaachwa, ila anayenunua leo kwa fedha zake anunue chenye AV1.

Kwa AMD, Ryzen 5 5600G ni nzuri kwa HEVC na VP9 lakini haina AV1. Ryzen za mfululizo wa 7000 wa kompyuta za mezani, zinazokaa kwenye soketi (kiti cha prosesa) ya AM5, zinayo, ila bodi zake zinakula RAM ya DDR5 peke yake.

Kama huchezi magemu, mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye bodi yenye Intel N100 iliyolehemiwa kabisa juu yake. Intel wameipangia wati 6, inafungua AV1, na bodi nyingine za aina hiyo hazina hata feni. Baadhi zinatumia umeme wa moja kwa moja kutoka adapta kama ya laptop, kwa hiyo hununui pawa sapulai. Soma volti iliyoandikwa kando ya tundu, 12 au 19, usichomeke chaja kwa sababu tu kichwa kimeingia.

Angalia herufi ya mwisho. Prosesa ya Intel inayoishia na F haina sehemu ya picha. Ryzen nyingi za soketi ya AM4 zisizo na G nazo ni hivyo hivyo. Utafunga kila kitu, utachomeka HDMI kwenye bodi, na utatazama giza. Wauzaji wanazipenda kwa sababu bei yake inashawishi.

3. Geuza bodi, soma mgongo wake.
Hapa ndipo nakuomba usiharakishe.

Mwenye kibanda umiza mmoja Mbagala aliniita asubuhi ya siku ya mechi ya Simba na Yanga. Kanunua TV kubwa ya 4K na kompyuta ndogo ya kuichezeshea, halafu mpira "unarukaruka". Nikakaa kwenye benchi la mbele nikatazama mechi ya zamani aliyokuwa nayo. Picha ilikuwa safi, nyasi unazihesabu. Lakini beki akipiga pasi ndefu, mpira haukuwa unaruka kama mpira. Ulikuwa unatokea hapa, halafu pale, halafu kule, kama mtu anayebadilisha picha kwa mkono. Nikafungua mipangilio: 4K, picha 30 kwa sekunde. Juu ya hapo ikagoma.

Sababu ilikuwa mgongoni. Tundu lake lilikuwa HDMI 1.4, na hilo mwisho wake kwa 4K ni picha 30. Picha 60 zinaanza na HDMI 2.0. Na huu ndio mtego: prosesa za Intel za mezani kabla ya kizazi cha 11 zenyewe zinatoa HDMI 1.4 tu, labda mtengenezaji wa bodi awe ameongeza chipu ya kubadilisha. Bodi mbili za prosesa ile ile, bei inakaribiana, moja inafaa na nyingine haifai, na muuzaji atakwambia zote zina HDMI. Kweli, zote zina HDMI.

Siku ile nilimshushia TV hadi 1080p kwa picha 60, mpira ukateleza, watu wakalipa viingilio vyao. Baadaye tukatumia tundu la DisplayPort (tundu jingine la picha) lililokuwa pembeni, ambalo kwenye bodi ile lilitoa 4K kwa picha 60, tukaweka adapta ya kwenda HDMI 2.0. Adapta hiyo iwe ile yenye chipu ndani, inayobadilisha mawimbi kweli. Ile ya bei chee ni waya tu umebadilishwa kichwa.

Kwa hiyo ukiwa dukani fungua ukurasa wa mtengenezaji wa bodi kwa simu, andika modeli kamili pamoja na herufi za mwisho, na utafute maneno haya: 4096×2160 kwa 60 Hz, au 3840×2160 kwa 60 Hz (Hz hapo ni picha kwa sekunde). Ukiona 30 Hz au 24 Hz, rudisha bodi mezani.

Mengine ya mgongoni kwa haraka: tundu la waya wa intaneti liwe la gigabiti 1, USB ziwe angalau nne, na mbili kati yake ziwe za kawaida za 2.0 (sababu utaiona huko chini); antena za Wi-Fi zikiwepo ni heri. Tundu la VGA halikusaidii kitu.

4. Panga sauti itatokea wapi.
Kama unatumia spika za TV au saundibaa iliyounganishwa na TV, HDMI inabeba kila kitu, umemaliza.

Kama una sabufa, na nani hana, utatoa sauti kwenye tundu la kijani la bodi kwa waya wenye kichwa kidogo cha milimita 3.5 upande mmoja na vichwa vyekundu na vyeupe upande mwingine. Pinki ni maikrofoni, bluu ni ya kuingiza sauti. Kwa mfumo wa spika sita, bodi yenye matundu matatu tu inaweza kuyageuza yote kuwa ya kutolea, ila unayapanga kwenye programu ya sauti.

Bodi yenye tundu la sauti ya mwanga, lile la mraba lenye taa nyekundu ndani, naipa alama za ziada. Waya wake hauna shaba, kwa hiyo haupitishi ule muungurumo wa umeme. Mipaka yake: inabeba sauti ya spika mbili ikiwa haijabanwa, au ya spika sita ikiwa imebanwa kwa Dolby Digital au DTS.

5. RAM na diski.
GB 8 inatosha, GB 16 ni raha. Sloti zikiwa mbili, weka vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu sehemu ya picha inakopa RAM hiyo hiyo na vipande viwili vinaipa njia mbili. N100 yenyewe ina njia moja tu, kwa hiyo hapo kipande kimoja si kosa. Hakikisha kama bodi inataka RAM ndefu au fupi za laptop. Mini-ITX zipo za aina zote mbili.

Diski ya M.2 ziko mbili zinazofanana sura, SATA na NVMe, na sloti si lazima ipokee zote. Kwenye baadhi ya bodi, ukiweka M.2 ya SATA, tundu moja la SATA la kawaida linazimika. Imeandikwa kwenye kitabu chake. Muvi weka kwenye diski kubwa ya kawaida. Huko hakuna haja ya kasi.

6. Kagua bodi kabla ya kulipa.
Nyingi tunazonunua zimeshatumika. Sina neno nazo, mradi uzipekue.

Kama ni ya Intel yenye soketi, sindano ziko kwenye bodi. Omba kifuniko kifunguliwe, washa tochi ya simu uilaze pembeni, piga picha kisha uikuze. Sindano nzima zinang'aa zote kwa mstari, kama shamba la mpunga likipigwa na jua la jioni. Iliyopinda inang'aa peke yake, upande mwingine. Ukiiona, acha. AM5 nayo sindano ziko kwenye bodi. AM4 ziko chini ya prosesa.

Halafu geuza matundu ya nyuma uyatazame ndani. Kompyuta iliyokaa nyumba za pwani, Kigamboni au Msasani, upepo wa chumvi unaiachia ukungu wa kijani kwenye shaba na kutu kwenye bati. Nje ikifutwa inapendeza. Ndani ya tundu la HDMI hakuna anayefuta.

"Boss, hii haina shida, imeshuka na kontena juzi."
"Sawa mdogo wangu, iwashe niione ikitoa picha."

Akikataa kuiwasha, una jibu lako. Akiiwasha, dai risiti yenye modeli.

7. Iwashe mezani kwanza, nje ya kasha.
Weka bodi juu ya boksi lake la karatasi. Gusa bati la pawa sapulai kabla ya kushika chochote, mwili wako umwage umeme wake huko. Prosesa ina pembetatu ndogo kwenye kona. Ilingane na ile ya kwenye soketi, kisha iache ishuke kwa uzito wake. Haisukumwi. Kwa Intel ukifunga mkono wa soketi utasikia mkwaruzo unaokufanya ufumbe macho. Ni kawaida.

Pesti kiasi cha punje ya choroko, katikati. Hitisinki (bati na feni ya kupoza prosesa) ikazwe kwa kupokezana kona, zamu kwa zamu.

Chomeka waya mkubwa wa umeme, na ule mdogo wa pini 4 au 8 karibu na prosesa. Huo mdogo ndio unaosahaulika kuliko yote. Hakuna swichi bado, kwa hiyo gusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikitoa picha ya BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe), zima na uendelee.

8. Ingiza kwenye kasha.
Kwanza kabisa, bati la mgongo. Lile bati jembamba lenye matundu linalokuja na bodi, linabanwa kwenye kasha *kabla* ya bodi kuingia. Nilimfungia shemeji yangu kompyuta Tabata, nikakaza kila kitu, nikapanga nyaya vizuri kama nywele za bibi harusi, nikainua kikombe cha chai, na bati lilikuwa limelala chini yake. Nilifungua upya zote. Shemeji alinitazama bila kusema neno, ambayo ni mbaya zaidi.

Bati hilo lina vijilimi vya chuma. Hakikisha hakuna kilichoingia ndani ya tundu la HDMI au la intaneti.

Mini-ITX ina matundu manne ya skrubu, yanayokaa juu ya vinguzo vinne vya shaba. Kama kasha ni kubwa na lina vinguzo zaidi, ving'oe vile visivyo na kazi. Kinguzo kikigusa mgongo wa bodi mahali pasipo tundu, kinaweza kuunganisha umeme na kuiua.

Nyaya za mbele: swichi haijali upande, taa inajali, ina chanya na hasi. Piga picha ukurasa wa kitabu, usibahatishe.

9. Mfumo na mipangilio.
Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa bodi ya zamani, mfumo wa LibreELEC ni jibu zuri: inaingia kwa fleshi, inafungua Kodi (programu ya kuchezea muvi na muziki) moja kwa moja, na hata bibi anaielewa.

Ndani ya Kodi washa mpangilio wa kubadilisha kasi ya skrini kufuata video. Muvi nyingi ni picha 24 kwa sekunde, matangazo ya mpira wa Ulaya ni 50. TV ikikaa kwenye 60 muda wote, kamera ikizunguka uwanja utaona inagugumia.

Jiandae na jambo moja: rimoti ya TV kwa kawaida haitaongoza kompyuta, maana bodi nyingi haziungi huo mstari kwenye HDMI. Nunua rimoti ndogo ya USB.

10. Umeme na joto letu.
Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa bodi ifanye nini umeme ukirudi, uweke ibaki imezimwa. Umeme ukirudi mara nyingi unarudi, unaondoka, unarudi tena. Hutaki kompyuta iwe inaamka katikati ya hayo. Na usisasishe BIOS bila UPS, hasa kama unajua uniti za LUKU zimebaki chache.

Wakati wa masika, radi ikianza chomoa pia waya wa dishi kwenye king'amuzi. King'amuzi na kompyuta wote wameshikana na TV moja, na radi inayoingia kwa dishi haiulizi inatokea wapi.

Kasha likae na nafasi ya kiganja kila upande. Na ongea na mwenye nyumba kuhusu kitambaa cha kufuma. Nimeitwa mara tatu "kompyuta inajizima", na mara zote tatu kilikuwa kimetandikwa juu ya matundu ya hewa, kizuri kweli kweli.

Ikigoma

*Feni inazunguka, hakuna picha.* Angalia ule waya wa pini 4 au 8. Kisha chomoa RAM, irudishe mpaka isikike inabana. Jaribu kipande kimoja. TV iko kwenye HDMI sahihi? Kwa DDR5, mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa gizani ikijipima, subiri. Mwisho, chomoa umeme, toa betri ya bodi dakika tano, rudisha.

*Picha imekatwa pembeni.* Ni TV inayoikuza. Kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha chagua ile isiyokuza, au uipe tundu hilo la HDMI jina la PC.

*Weusi unaonekana kijivu.* Kompyuta na TV hawajakubaliana kiwango cha rangi. Badilisha upande mmoja tu, usibadilishe zote.

*YouTube ya 4K inakwama.* Fungua takwimu za video kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Ukiona av01 na prosesa yako haina AV1, weka nyongeza kwenye kivinjari inayolazimisha VP9, au shuka hadi 1080p.

*Sabufa inaunguruma, au ukigusa kasha linachonyota.* Soketi ya ukutani haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Pawa sapulai inavujisha umeme kidogo kwenye bati na hauna pa kwenda. Usiuzoee. Mwite fundi umeme mwenye leseni afunge ethi. Muungurumo mara nyingi unaondoka naye. Ukibaki, tumia ile sauti ya mwanga, kama sabufa yako inaipokea.

*Kibodi isiyo na waya inaruka herufi.* USB za bluu, za 3.0, zinatoa kelele kwenye masafa yale yale ya GHz 2.4. Hamishia kipokezi kwenye USB nyeusi ya 2.0, mbali na diski ya nje.

*Tovuti zote zinakataa kufunguka, eti si salama.* Tazama saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ya bodi imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, ile ya duara. Mafundi saa wanazo.